Bastola Ndani ya Ndoo ya Maharagwe

Bugolobi, Jumapili

Yaya Bibiane, dada yangu mukubwa,

Tuko wazima. Jirani yetu Olivia ameachwa tena na bado anacheka! Mutoto wako Princesse amenenepa, matoke anakula kunishinda mimi.

Sasa usishtuke. Unajua bwana yangu Owino anaweka bastola nyumbani, ana kibali, sababu ya duka. Alifundisha Princesse: "Ukiona bunduki, usiguse. Toka hapo, ita mukubwa." Walirudia mpaka ikawa kama wimbo.

Mwezi uliopita wageni wa kanisa walifika, Owino anaoga, bastola iko kitandani. Mimi nikaificha haraka ndani ya ndoo ya maharagwe. Halafu nikasahau, yaya. Wageni walipoenda nikatuma mutoto alete maharagwe.

Akarudi mikono mitupu. "Mama mudogo, tutoke kwanza. Kuna bunduki." Akanivuta gauni mpaka nje.

Ilikuwa na risasi.

Owino alininunia siku mbili, halafu akanunua sanduku la chuma na kufuli. Ukitaka kuchukua mutoto wako, sema tu, sitakataa. Lakini mutoto mwenyewe anasema anabaki. Kila jioni ananiuliza, "Mama mudogo, mumefunga?" Namuonyesha kufuli, analivuta mwenyewe, ndiyo tunakula.

Mudogo wako asiyenyamaza,
Mapendo