Kisima Ulichomchimbia Mama

Malaba,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu Ongodia,

Yoga noi. Salamu zangu zikufikie huko Juba, zikukute mzima, mwenye kazi na mwenye hamu ya kula. Sisi huku tupo. Watoto wangu wamepona homa, mihogo mwaka huu imekubali, na mimi niko salama isipokuwa miguu, ambayo siku hizi hainitii hata kidogo. Mama anakusalimu sana. Habari zake ni ndefu na ndizo zilizonikalisha chini na kalamu, kwa hiyo usinihimize.

Barua hii anakuletea Egwang, yule dereva wa trela uliyesoma naye. Najua utacheka kwamba dada yako anaandika barua na simu iko pale mezani. Cheka tu. Ukimaliza kusoma utaelewa.

Unalikumbuka shimo la changarawe chini ya kanisa, kuelekea Mto Malakisi? Ulipoondoka lilikuwa la watu na sururu zao. Sasa lina kampuni, lina mashine yenye mkono wa chuma, na malori yanatupitia mlangoni tangu alfajiri. Masharti waliyopewa ni kwamba wasichimbe hadi kufikia maji yaliyo ardhini, maana ndiyo hayohayo yanayolisha visima vyetu. Waliyafikia zamani. Wameweka pampu inayoyavuta kutoka shimoni na kuyamwaga mtoni mchana kutwa, ili wao wachimbe pakavu.

Watu walipolalamika ukaja mradi wa kupima visima, na mimi nikachaguliwa. Usidhani ni cheo. Nina utepe mrefu wenye chuma mwishoni. Naupaka chaki, nauteremsha kisimani, nauvuta, naangalia chaki imelowa mpaka wapi. Kila mwezi nazunguka visima vyote na Quinton, mtaalamu wa maji anayetoka Busia mjini. Yeye yuko juu ya pikipiki, mimi niko juu ya miguu hii niliyokwambia.

Nimechoka, Ongodia. Kisima cha Petronilla jirani yetu kilikuwa cha kwanza kukauka, na siku nilipomwonyesha utepe mkavu alinitazama kama mtu niliyeyanywa maji yake. Wengine wananiuliza, sister, kila siku kupima, kupima, sasa tukunywe hiyo chaki? Nacheka nao, kisha naenda kwa kisima kingine. 

Kisima kimoja tu hakikushuka, nacho ni chetu. Ndicho ulichomchimbia Mama kabla ya kwenda Juba, ukakifunika kwa saruji na kukiwekea mlango wa bati wenye kufuli ili mtoto asitumbukie. Watu wa mradi walipitisha bomba jembamba la plastiki katika kifuniko hadi chini kabisa, tukawa tunapimia humo bila kumsumbua Mama kutafuta ufunguo. Mwezi baada ya mwezi maji yalikuwa palepale. Quinton alikisifu, akasema hakuna kisima kitulivu kama hiki. Mama akamwongezea chai.

Utulivu huo ndio uliotuumiza. Kampuni inaomba ruhusa ya kuchimba chini zaidi. Katika baraza la mwezi uliopita mtu wao alisimama akasema kwamba kisima cha Mama Ongodia ndicho kilicho karibu zaidi na shimo na maji yake hayajapungua, kwa hiyo vingine vimekaushwa na jua, si pampu. Watu wote waligeuka kututazama. Tangu siku ile Petronilla hapiti kwetu. Uamuzi utatolewa Ijumaa ya wiki ijayo, na Quinton anasema wakiruhusiwa hatutabaki na kisima hata kimoja upande huu wote, na chemchemi ya shule nayo itakwenda.

Sasa nifuate polepole. Unajua kwetu mtu hampeleki mgeni kwa mama yake kama askari wa msako. Kila Quinton alipokuwa anakuja nilimpigia Mama simu asubuhi ili afagie na ateleke chai. Jumatano nilifanya vivyo hivyo. Lakini Quinton akapata pancha njiani, nami nikaona nitangulie nikamsaidie Mama jikoni. Nikapitia nyuma, penye migomba. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kisima, birika mkononi, anamimina maji ndani ya bomba la kupimia.

 Aliponiona aliliweka birika chini. Alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo, akanipa. Nilipofungua mlango wa bati niliona tope lililopasukapasuka na ndala moja ya mtoto. Mdomo wa bomba umezama katika tope hilo ukaziba, kwa hiyo maji ya birika hukaa humo kwa muda kabla ya kupotea. Birika ni lilelile kila mwezi, ndiyo maana kipimo hakikuwa kikibadilika.

Kisima chako kimekufa, ndugu yangu. Kilikufa kabla ya mavuno, kabla hata upimaji haujaanza. Kila ulipopiga simu ukaambiwa kimejaa, Mama alikuwa ametoka kuteka maji Malakisi, alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Kwa kifua kile chake kinachombana.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia birika lake limeitetea kampuni kuliko wakili yeyote. Alinijibu kwa upole kwamba mwanzoni hakujua mambo ya kampuni. Alijua tu kuwa mgeni anakuja kuchungulia ndani ya chombo chake, na tangu aolewe hajawahi kufunuliwa chombo kikakutwa kitupu. Nikamuuliza, na barazani je, si ulikuwepo? Akasema ndiyo, pale ndipo alipoelewa, lakini kijiji kizima kilikuwa kinamtazama, akabaki ameketi. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akaniambia yeye ameshazaa, na aliyemzaa ndiye aliyechimba kisima hiki.

Siku ile nilimwomba Quinton asipime. Aliniangalia, akaona uso wangu, akanywa chai yake akaenda.

Mama amekubali mlango ufunguliwe mbele ya watu wote, na atasema kwa kinywa chake alichokuwa akifanya. Ila amekataa kabisa watu waone kabla wewe hujajua. Anasema mtu hasikii msiba wa kwao kwa watu wa barabarani, wala hapigiwi simu kama anayeitwa dukani. Hutumiwa mjumbe. Ndiyo sababu ya Egwang. Ufunguo umerudi kwenye leso, na ningeweza kumnyang'anya, nimelifikiria hilo zaidi ya mara moja. Siwezi. Nimewaonyesha watu wengi ukavu wao, na huyu ni mama yangu.

Basi usimlaumu. Wala usianze kuahidi kuchimba kingine, maana hakuna maji ya kukijaza. Egwang anasema njia ikiwa nzuri utaipata barua hii mapema. Mpigie Mama kabla ya Ijumaa ile. Mwambie umepata habari, na kwamba si yeye aliyekikausha. Kisha mwambie afungue.

Wasalimie wenzako wote mnaojenga nao, na Mungu akushike mkono ukiwa juu ya hayo majengo. Watoto wanamsalimu mjomba wao.

Nimemsomea Mama barua hii yote, isipokuwa pale nilipotaja kifua.  Kisha ameniomba nikuandikie neno moja la kwake, kwamba kilikuwa na maji matamu.

Ni mimi dada yako,
Ajiko.