Kidonge Ulichomeza Mbele ya Kijiji

Mama yangu,

Leo mteja kaniuliza, hapa dukani kwangu Turwa, kama chumvi ninayouza ina madini joto. Kauliza kama mtu anayeuliza bei ya kiberiti. Nikakukumbuka, nikajivuna mbele yake naye asijue kwa nini.

Enzi za ujamaa, serikali ilipoleta vile vidonge vya madini joto, wewe ndiye ulikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Wanawake wengi walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, kwa kukosa madini hayo, na hawakuona ajabu. Mdogo wangu Gati alizaliwa hasikii, na daktari alikwambia huenda ni upungufu uleule ulipokuwa na mimba yake. Lakini watu waliamini vidonge vinafunga kizazi. Bibi, mama mkwe wako, alilisema hilo kuliko wote.

Siku ya mkutano wa kijiji nilikushikia boksi la vidonge. Ulimeza kimoja wakikutazama, ukasema, "Nisipozaa tena, nirudisheni kwetu, mdai ng'ombe wenu."

Baba aliinamisha kichwa. Mjomba alikuwa ameshaoa kwa ng'ombe hao wa mahari yako! Wangedaiwa, ndoa ya kaka yako ingevunjika pamoja na yako. Hakuna mwingine aliyemeza siku ile, ukarudi na boksi nyumbani. Miezi iliyofuata wanawake walikukagua tumbo kisimani kama wanunuzi mnadani. Wewe ulijitwisha ndoo yako, ukawaambia haraka haraka haina baraka. Mimi niliogopa.

Akazaliwa Robi. Bibi akanung'unika kwamba ni msichana tena, nawe ukamjibu kuwa uliahidi mtoto, hukuahidi wa kiume.

Ila wewe ulikuwa na swali lako mwenyewe. Robi alipoanza kukaa, ulimpakata uani, wanawake wakiwepo, ukapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Akageuka. Ukapiga upande wa pili, akageuka tena. Ukaanza kulia.

Bibi akanyoosha mkono, akasema, "Nipe na mimi hicho kidonge." Wengine wakajipanga nyuma yake.

Gati hakusikia lolote. Aliona mikono yako tu, akaja akakaa mbele ya Robi, naye akapiga makofi.

Pumzika, mama. Gati naishi naye, na kila siku najivunia kwamba ulituzaa wewe.

Binti yako wa kwanza