Nilivyosoma Darasa la Vipanga

Pandu, haki ya Mungu, hili halina chumvi hata punje.

Nimetoka chuoni Doornfontein na mjukuu wangu Tabia. Chuo kinataka achague leo leo: kulala na darasa la vipanga, wale wenye akili nyingi, au bweni ambalo wote wanaongea Kiswahili.

Mimi nalitaka bweni. Unajua mtoto ananijibu Kiingereza tangu aanze kusema.

Basi ili kumtisha Tabia, nikamsimulia mbele yake matroni wa bweni hilo, Mama Jocelyne, Mkongo, kwamba nilisoma darasa la vipanga kule Tanga. Tulifungiwa maktaba siku tisa, wenzangu wawili wakatoka na mvi.

Wawili tu, Pandu. Nilijizuia.

Tabia akasema, “Babu, si uliishia darasa la nne, ukajifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi?”

Kwa Kiswahili. Sentensi nzima. Eish.

Mama Jocelyne akacheka mpaka akavua miwani. “Papa, mtoto nampokea. Lakini uongo huu utaulipa: kila Jumatano uje uwasimulie wanafunzi maisha yako. Ya kweli tu.”

Tabia kusikia hivyo akatia sahihi fomu ya bweni palepale.

Nimekubali. Sasa niambie, ya kweli yakiniishia dakika ya tatu, nitasema nini?