Ukishaomba, Nyamaza

Mama,

Nimeajiriwa! Nakueleza wewe kabla ya kumpigia mjomba, kwa kuwa mjomba atauliza mshahara, nawe ungeuliza nitamfaa nani.

Unaikumbuka nyumba ile nyuma ya hospitali, ulikolala kila ulipokuja Kisumu kutibiwa saratani, mwili ulipokataa kurudi Asembo Bay siku hiyohiyo? Huko ndiko nilikofanyia mafunzo yangu ya kazi, katika idara ya kuchangisha fedha. Idara! Meza moja, simu moja, na mkuu wangu, Bi. Nafula, anayecheka kwa mabega.

Nilikuwa na nafasi nyingine, ya kumwandikia mwanasiasa hotuba. Mjomba aliwaka: "Mtoto aliyesimamisha chuo kizima kwa megafoni, leo unakwenda kuombaomba?" Nikamuuliza: kitanda cha mgonjwa si siasa? Paa lisilovuja si ukombozi? Ungekuwepo ungenikanyaga mguu chini ya meza. Nilichagua nyumba yako.

Na paa, Mama, lilikuwa likivuja kwelikweli. Mvua zingeanza, vyumba vya wanawake vingefungwa. Bi. Nafula akanituma kwa Mzee Harjit, mwenye kiwanda cha mabati upande wa Mamboleo. Kiwanda kilekile! Langoni mwake ndipo sisi wanafunzi tulipokesha tukidai vibarua wapewe mikataba. Aliponiona alivua miwani.

"Wewe si yule wa megafoni? Leo jeshi lako umeliacha wapi?"

"Liko darasani, Mzee. Lakini naweza kuliita."

Alitabasamu kidogo. Kidogo sana.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kutikisa kuta. Kisha nikakukumbuka kwenye harambee za kanisa letu. Wengine walimwandama mtu kwa maikrofoni mpaka atoe kwa aibu. Wewe ulitania mara moja tu, "Baba Otieno, hicho kiti kimekukamata?", ukaeleza shida, ukaomba, ukakunja mikono. Kimya. Tulisikia kuku wa padri nje. Nilitamani benchi linimeze! Mpaka mtu akohoe, ainuke. "Ukishaomba, nyamaza," uliniambia tukirudi nyumbani. "Mwachie mtu nafasi ya kuwa mwema."

Basi nikamweleza Mzee habari zako: kitanda cha dirishani, leso yako ya kijani, wanawake uliowachekesha usiku wa maumivu. Nikaomba paa. Nikanyamaza. Mimi, Mama! Feni ilizunguka. Ulimi uliniwasha. Alitazama nje kwa muda mrefu.

"Marehemu mke wangu alitibiwa hospitali hiyohiyo," akasema hatimaye. "Yeye alikuwa na nyumba karibu." Akamwita msimamizi wake: fundi aende akapime.

Mvua imekuja, Mama, na vyumba vile vimejaa wanawake waliolala pakavu. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza Bi. Nafula aliniambia nikimaliza masomo nisitafute kazi kwingine. Sikuiba sauti yako. Niliirithi.

Megafoni sijaitupa. Iko nyuma ya mlango, na vibarua wa Mzee Harjit wakinihitaji tena, nitaishika tena, paa au bila paa. Lakini nakuahidi: hakuna mtoaji, mkubwa wala mdogo, nitakayemvua heshima yake ili nijaze kikapu.

Oriti, Mama, kwaheri. Pumzika.

Nina ombi moja tu kwako: huko uliko, nionee fahari.

Nimeshaomba. Sasa nanyamaza.

Mwanao,
Akinyi