Buti za Mzee Otha

Shoga, uko hapo? Natetemeka kwa hasira.

Unajua mashindano yetu ya rodeo leo yalifunguliwa kwa kumuaga babake Verlene, Mzee Otha. Verlene mwenyewe ndiye aliyemwongoza farasi wa marehemu, tandiko tupu, buti za mzee kwenye vikuku vya kukanyagia zikitazama nyuma, kama tunavyowaaga wapanda farasi wetu wote hapa mjini kwetu Okmulgee.

Sasa kuna mpiga picha katumwa na gazeti, eti anatafuta makauboi weusi. Akamsimamisha Verlene pale langoni, akazigeuza buti zitazame mbele.

AKAZIGEUZA. Kwa mikono yake.

"Zilikuwa zimekaa kinyume, dada. Nimekurekebishia."

Nimekurekebishia, shoga. Nimekurekebishia.

Verlene wala hakupaza sauti. "Hizo ni za baba. Zinatazama nyuma ili atuone mara ya mwisho. Zirudishe."

Akazirudisha, jasho linamtoka, na uwanja mzima umesimama, kofia vifuani.

Nikadhani yameisha. Verlene akashika hatamu aingie, machozi yanamtiririka.

Jamaa akainua kamera.

"Hapo hapo, dada. Usiyafute kwanza."