Theluji Niliyoikwangua Mpaka Udongoni

Woolwich, London
2 Desemba 2025

Mpendwa Mjomba Geofrey,

Shikamoo, Mjomba. Habari za Tukuyu? Mvua zimeanza? Na goti lako linasemaje siku hizi? Mama Angel aliniambia kwenye simu kwamba unatembea mpaka shambani bila fimbo, nikafurahi sana. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Watoto nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, lakini wakisikia jina lako wanauliza utakuja lini.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika mwisho. Samahani kwa mwandiko. Naandika nikiwa nimevaa buti, na kila baada ya mistari michache nainuka kwenda dirishani.

Unajua kazi yangu ni kutunza uwanja na majengo kwenye nyumba ya wazee. Kutoka barabarani hadi mlangoni kuna njia ya udongo, imemwagiwa kokoto tu. Alhamisi ya tarehe ishirini mwezi uliopita theluji ilianguka mapema, hakuna aliyeitarajia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili na ardhi haikuwa imeganda hata kidogo.

Ndani ya nyumba hiyo yupo Mama Annonciata, Mkongo wa Bukavu, ambaye figo zake hazifanyi kazi. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa mbili asubuhi, gari la wagonjwa linakuja kumpeleka hospitali kusafishwa damu.

Basi nikawasha lile trekta dogo lenye bamba la chuma mbele, nikashusha bamba mpaka chini, kama ninavyofanya kwenye lami ya kule nyuma. Kibet, Mkenya anayehudumia wazee, alifungua dirisha akaniambia niliinue kidogo. Nilimsikia, Mjomba. Niliona ananifundisha kazi yangu.

Wewe uliyeendesha greda miaka yote ile ungeniteremsha kwenye kiti papo hapo. Bamba lilizama. Nikawa nasukuma tope na kokoto, si theluji tena, na karibu na lango trekta likalala upande, magurudumu yakizunguka pale pale. Njia nikawa nimeiziba mimi mwenyewe.

Gari likabaki barabarani. Tulimbeba Mama Annonciata kwenye kiti chake, watu wanne, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, naye ameshika shingo yangu. Katikati ya njia Kibet aliteleza, kiti kikainama, tukakidaka kikiwa kimebakiza kidogo kuanguka. Mama Annonciata alifika hospitali amechelewa sana, ikabidi wampunguzie muda wa mashine kwa kuwa wengine walikuwa wanasubiri zamu. Kesho yake miguu yake ilivimba na pumzi ikawa ya shida. Siku mbili hizo sikuweza kukaa chini. Nilikuwa nakaza bawaba za milango ambazo hazikuwa zimelegea.

Meneja wetu, Priscilla, alidhani trekta ni bovu, na Jumatatu akawa tayari anaandika kuwalalamikia waliotukodishia. Ningeweza kunyamaza. Nilipita mbele ya ofisi yake mara tatu, ndipo nikaingia.

"Trekta ni zima," nilimwambia. "Niliambiwa niinue bamba, nikakataa."

Alifuta alichokuwa ameandika, akanipa barua ya onyo. Kibet nilimwomba radhi. Alisema tu twende tukajaze mashimo.

Nashukuru Mungu, siku ile ya Jumamosi, mbili baada ya ajali, Mama Annonciata alikuwa ameshaongezewa saa za mashine na uvimbe ukapungua.

Theluji ilirudi Jumamosi iliyopita. Safari hii niliinua bamba, nikaacha theluji ya unene wa vidole vitatu, nikaishindilia kwa magurudumu kwenda na kurudi, nikamwaga mchanga juu. Priscilla alitoka, akaona njia bado nyeupe, akataka niikwangue yote. Barua ya onyo ilikuwa haijamaliza hata wiki, Mjomba.

"Nikishusha bamba, tutambeba tena," nilimjibu.

Aliangalia saa yake, akarudi ndani.

Gari likaja polepole, likapita juu ya weupe ule mpaka mlangoni, halikuteleza. Mama Annonciata alipokwisha kupandishwa alishusha kioo akaniita.

"Leo naenda na mutuka," alisema, "sawa watu."

Kwao Bukavu gari ni mutuka, na "sawa watu" ni kama watu wengine. Nilisimama na koleo langu mpaka wakatoka langoni.

Leo amekwenda tena salama, lakini watabiri wanasema theluji nyingine inaanguka kesho kutwa, siku yake ya hospitali. Ndiyo maana situlii.

Nisalimie sana Mama Angel, Bibi, na Gladness na mumewe. Mungu awape mavuno mema na awaepushe na kila baya.

Nijibu upesi, Mjomba. Ardhi ikilowa namna hii, ninyi mlikuwa mnaacha kiasi gani chini ya bamba? Vidole vitatu nilikisia tu.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye sana,

Lusajo