Vitesi ya Baba kwa Kona

Bel-Air, siku ya pili

Yaya Albertine,

Muko je kule Pweto? Samaki ilifika, nyumba yote tulikula, aksanti. Huku tuko, ni kuchoka tu.

Ile camion ya baba, nilitoa boîte ya vitesi ya zamani, ile ya kubadirisha na mukono, nikaweka ya automatique na kakompyuta kenye kubadirisha vitesi keyewe. Kwa injini ya mazuti ya zamani vile, kazi ilinikula wiki tatu. Bantu niliambia ni sababu ya goti yangu. Weye sikudanganye.

Unajua baba akifika kwa kona ya nyumba alikuwa anarudisha vitesi, injini inalia, mama anasikia, anaweka maji ya bukari, ugali yake, kwa moto. Tangu tulimuzika, mimi nikirudisha vitesi pale, mama anaweka maji. Akiona ni mimi njo nashuka, anazima moto. Njo nikawaza: afazali asisikie tena.

Sasa camion inapita kona kimya, na maji haweki. Lakini jana nilimukuta amesimama kwa mulango. Akaniuliza: "Hénoc, baba yako amechelewa. Hamukupitana kwa njia?"

Mudogo yako,
Hénoc